Siku Niliyotafuta wa Kuniamuru

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama kando ya barabara kule Kibumba nikingoja lori la kunipeleka Kiwanja, ili kutoka huko nivuke hadi Uganda. Shule nilikuwa nimeiacha mapema. Nilitaka kujua kila barabara inaishia wapi, na kwetu Birere nilijulikana kwa maneno yaleyale: "Mimi ni mutu huru, hakuna wa kuniamuru."

Mara Bahati, jirani yangu wa Birere, akatokea akiteremka na chukudu yake iliyojaa kabichi, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali, ya kubebea mizigo. Gurudumu la mbele likachomoka. Kabichi zikaviringika kwenye mawe ya volkano, naye akabaki chini ameushika mguu uliovunjika. Kituo cha afya kilikuwa mbali, huko chini, na jua lilikuwa linashuka.

Wakati huohuo lori likafika, dereva akipiga honi. "Panda, kijana! Mimi singoji mutu!"

Papa Anselme, katekista mzee wa pale, alikuwa amekuja kunisaidia kumkalisha Bahati. Nguvu za kumteremsha hakuwa nazo tena. Nikamgeukia.

"Muzee, uniambie nifanye nini. Ukisema nibaki, nitabaki."

Bahati, pamoja na maumivu yake, akacheka. "Kila siku mutu huru, leo unaomba chef wa kukuamuru!"

Papa Anselme hakucheka. Alinishika bega. "Mutoto yangu, unataka nikuamuru, ili kesho ukiikosa Uganda useme ni muzee alikukataza. Mungu amekupa dhamiri, na hata Yeye hakuburuti. Ukienda, ni wewe umeenda. Ukibaki, ni wewe umebaki. Mimi nitakaa hapa na Bahati."

Laiti angenifokea! Ningekasirika, nikapanda lori bila kugeuka nyuma. Lakini aliniachia njia zote mbili wazi, na Bahati alikuwa ananitazama.

Nikamwambia dereva aende.

Tulirudisha gurudumu, tukamweka Bahati juu ya chukudu, mahali pa kabichi, nami nikaizuia isikimbie mteremko mzima hadi kituo cha afya. "Polepole!" alinipigia kelele. "Mimi si kabichi!" Njia yote nilitii amri zake, na sijawahi kujiona huru kama jioni ile. Mguu wake ulipona. Uganda nilifika baadaye, haikuwa imehama.

Mwanangu, sikukatazi kuzurura, maana mimi mwenyewe nimezurura sana. Ila usimtafute mtu wa kumbebesha uamuzi wako. Mungu alitupa uhuru ili tuweze kupenda bila kusukumwa, na kila unapochagua jema unazidi kuwa huru. Isikilize dhamiri yako, uchague, kisha useme: ni mimi.

Mungu akulinde katika kila barabara utakayoifuata, akupe moyo mwepesi wa kusimama mwenzako anapoanguka, na jioni akurudishe nyumbani ukiwa na amani.