Kurasa Nilizoziruka

Juzi hapa kwangu Mbweni mjukuu wangu alikuwa akibishana kwenye simu na watu asiowajua, kisa vitabu vya mizuka: nani muuaji, kitabu cha pili kizuri au kibovu. Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Mwenzangu, vitabu vya namna hiyo ndivyo nilivyovunjia ujirani wa watu.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za mchele, tunakaa Mji Mkongwe. Baada ya Alasiri bibi yangu hukaa juu ya mbuzi akakuna nazi ya kupikia muhogo, nami namsomea. Msahafu akiusoma kama maji, lakini herufi za kizungu hakuzijua. Vitabu vilikuwa vya jirani yetu, shoga yake tangu usichana: vitatu, hadithi moja, jumba bovu lenye mzuka na mpelelezi anayemtafuta anayeua watu humo. Jirani akimaliza kimoja, twapewa sisi.

Sasa mimi, na miaka yangu tisa, mizuka nikiiogopa kufa. Nikiliona tu neno lenyewe linakuja, nafunua karatasi mbili kwa pamoja, najitia kukohoa, naendelea na mpelelezi. Basi katika hadithi ya bibi mzuka haukuwamo kabisa. Muuaji, kwake yeye, alikuwa mpishi.

Jirani akija kutoa maoni yake, ni vurugu tupu.

"Shoga, ule mzuka ulivyolia kisimani, mwili ulinisisimka!"

"Kisima gani? Mzuka gani? Muuaji si mpishi!"

"Mpishi keshakufa zamani!"

"Kafa wapi? Jana tu kapika pilau."

"Huyo mpishi mwengine! We bibi, umesoma kitabu gani?"

Walianza kwa kucheka, wakaishia kununiana. Jirani akasema anafanywa mwongo mbele ya watu. Bibi akasema mwenziwe kazeeka vibaya. Nami nimekikumbatia kitabu, najitia kukohoa. Cha tatu hatukuletewa. Ramadhani ikaingia, sahani za futari hazikuvuka mlango. Halafu jirani akahamia Kiembe Samaki bila ya kuaga. Bibi alisimama dirishani mpaka gari ya mizigo ikakata kona, akanambia nilete nazi.

Nilikuja kumwungamia nshakuwa mtu mzima, naye yuko kitandani anaumwa. Nililia.

"Nnajua, mwanangu," akasema. "Karatasi mbili zina sauti yake."

"Sasa mbona hukumwambia shoga yako?"

"Nimwambie nini? Mjukuu wangu mwongo?"

Hapo ndipo nnapochanganyikiwa hadi leo. Alinihifadhi, au aliona haya kusema kuwa asiyejua kusoma kadanganywa na mtoto? Au kiburi tu? Napima huku, napima huku, sipati. Ushoga wa miaka yote ile, jamani, kwa kurasa chache!

Arubaini ya bibi ilipopita nilikwenda Kiembe Samaki kumtaka radhi jirani. Mwanawe akanambia mama katangulia, mwezi mmoja kabla ya bibi. Wala hawakutuletea habari ya msiba.