Helmeti Juu ya Fundo

Mtaani walimwita Mama Presha, na jina lilimkaa sawasawa. Msusi yule aliweza kuogopa hata jambo ambalo wenzake walikuwa hawajalifikiria. Mtoto akikohoa, basi ni kifua. Akinyamaza, lazima kuna jambo. Na mtoto mwenyewe, binti yake wa pekee, alikuwa hanyamazi, ndiyo maana dunia nzima ilimwita Chiriku.

Sasa mtu wa namna hiyo, umnunulie mwanawe baiskeli! Mjomba wa Chiriku ndiye aliyethubutu. Aliileta huku anacheka, na Mama Presha nusura aifungie stoo. "Kaka, una nini na mimi? Unataka nife kabla ya siku zangu?" Walibishana weee, mwisho wakaelewana: baiskeli itapandwa, lakini bila helmeti mtoto hafiki hata getini. Helmeti ikanunuliwa, nyekundu, na mkanda imara wa kufunga chini ya kidevu. Tangu hapo, kila Chiriku alipotoka, mama alichungulia dirisha la saluni, maana saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Akiona wekundu uko kichwani, anashusha pumzi, anarudi kwenye nywele za watu.

Na nywele alizijua, tusimnyime haki yake. Hakuwa na bango mlangoni. Bango lake lilikuwa kichwa cha Chiriku. Kila mwisho wa wiki alimkalisha mtoto kwenye kigoda, akambana katikati ya magoti, akamsuka kitu cha kuwageuza wanawake shingo barabarani: misuko inapanda kutoka kisogoni, inazunguka masikio, inakutana utosini kwenye fundo nene la nywele za bandia, limesimama wima kama birika. Twende kilioni, ile misuko ya kulala tu kutoka usoni kwenda nyuma, hakutaka hata kuisikia. "Hiyo mtu anasuka amefumba macho," alisema. "Na jina lenyewe mkosi mtupu." Akimaliza alimgonga mtoto begani. "Haya, katembee, watu wakuone. Na usinivurugie kazi yangu."

Siku yenyewe, aliyekaa kwenye kiti alikuwa muuguzi wa zahanati, rafiki yake wa miaka mingi. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshasukwa, upande wa pili nywele zimesimama timtim.

"Ila Chiriku wako ana mbio, jamani!" muuguzi akasema. "Nimepishana naye nikija, pale mteremko wa shule. Helmeti inacheza tu kwenye usukani."

"Inacheza wapi?"

"Kwenye usukani. Ameitundika."

Mama Presha akaacha kusuka. "Umeona vibaya. Ametoka hapa ameivaa, nimemwona kwa macho yangu."

"Labda," muuguzi akasema upesi. Alishajua ameropoka.

Msusi anayejiheshimu haachi msuko njiani, hiyo ilikuwa sheria yake. Akaendelea. Lakini vidole vilisuka huku masikio yako nje. Mteremko wa shule aliujua, na alijua unaishia wapi: kwenye geti la bohari la saruji, malori yanatoka pale bila kuuliza. Akajaribu kujituliza kwamba mtoto atakuwa ameshageuza, yuko njiani anarudi.

"Aii! Dada, utaning'oa ubongo!"

"Samahani, shoga. Nimekaza?"

Kabla hajajibiwa, nje honi ya lori ikalia, ndefu, ikafuatiwa na mlio wa breki. Halafu sauti za watoto: "Chirikuuu!"

Sheria ikaishia hapo. Mama Presha alitoka mbio, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu, chanuo mkononi. Nyuma yake muuguzi na nusu kichwa chake, taulo mabegani. Wenye kucheka wangecheka siku nyingine. Maneno yaliyomtoka Mama Presha yalikuwa hayohayo tu, "Kichwa, jamani, kichwa chake."

Chini ya mteremko lori lilikuwa limesimama mshazari. Dereva alikuwa anatetemeka kuliko mtu yeyote pale. "Mama, haki ya Mungu sijamgusa! Amenikwepa, akaingia mtaroni!"

Chiriku alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro. Kiwiko kimechubuka, damu inachuruzika mpaka kiganjani, na mikono yote miwili ameikandamiza utosini. Hasemi neno.

Chiriku, hasemi neno! Mama Presha aliona giza. Kichwa kimepasuka, akajua, mtoto ameshika pale palipopasuka. Akapiga magoti kwenye vumbi. "Toa mikono, mwanangu. Toa mama aone. Toa, nakuomba."

Mtoto akaitoa polepole. Hapakuwa na jeraha. Palikuwa na fundo, limesimama wima vilevile.

"Halijaharibika, mama," Chiriku akasema, machozi yanamlengalenga. "Nilivyoona naanguka, nikaachia usukani, nikalishika."

Mama Presha alimfuta damu ya kiganjani kwa upindo wa gauni lake.

"Na helmeti?" muuguzi ndiye aliyeuliza.

"Haiingii, shangazi. Inakaa juu ya fundo, mkanda haufiki kidevuni. Nikiikandamiza, fundo linalala. Na mama alisema nisimvurugie."

"Lakini nakuonaga ukitoka nayo!" mama akalia. "Kila siku nakuona!"

"Naishikilia kwa mkono mpaka nipite dirisha."

Kumbe miezi yote ile alikuwa anakagua rangi. Mkanda hakuwahi kuuangalia. Alimkumbatia mtoto pale pale mtaroni, akalia kwa sauti, wala hakujali nani anatazama.

Muuguzi aliwapeleka moja kwa moja zahanati, na nusu kichwa chake hivyohivyo. Daktari akapima macho, akauliza maswali, akapapasa. Kulikuwa na uvimbe mdogo nyuma ya sikio. Mkae naye karibu, akasema. Akitapika, akilewalewa usingizi au kichwa kikizidi kuuma, mrudi haraka. Kumwambia Mama Presha akae macho! Alimwuliza mtoto jina lake mara nyingi mpaka Chiriku akamwuliza yeye kama amelisahau.

Saluni ilifungwa. Aliyekaa kwenye kigoda siku ile alikuwa binti yake, na kazi ilikuwa kufumua. Alifumua fundo taratibu, na vidole vilipofika nyuma ya sikio vikasimama. Alikuwa amekishika kichwa kile tangu kinatosha kwenye kiganja. Hakuwahi kukiona kidogo hivi. Muuguzi alijifunga kilemba, akaenda zake kazini bila kudai upande wa pili.

Uvimbe ulipokwisha kabisa na daktari aliporidhika, Mama Presha alisuka tena. Twende kilioni. Kila alipomaliza mistari michache aliiweka helmeti, akaitikisa, akaitoa, akaendelea. Mwisho ikakaa chini vizuri juu ya nyusi, mkanda ukafika kidevuni, akaufunga mwenyewe. Kisha akaufungua, akaufunga tena.

Chiriku alijitazama kwenye kioo, akageuka huku na huku.

"Mama, bango lako si limefunikwa? Watu watajuaje kama umenisuka wewe?"

Mama Presha alikuwa bado ameushika mkanda.

"Wasijue, mwanangu," akasema. "Wasijue kabisa."