Saa ya Hitma ni ya Unguja

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilifanya kazi kwenye chumba kimoja cha ghorofani karibu na Darajani. Tuliendesha tovuti ya matangazo ya kisiwani: harusi, misiba, na hitma za kuwasomea marehemu. Wasomaji wetu wengi walikuwa watu wa kwetu walioko Maskati, London na Kanada.

Siku moja akaingia jirani yangu, bibi aliyefiwa na mumewe. Nikamwamkia.

“Marahaba. Hebu nambie, mashine yenu hii ina nini na mimi?”

Hitma ya mumewe ilisomwa saa kumi alasiri, na mwanawe aliyeko Toronto alitaka kuisikiliza kwa simu. Alifuata saa aliyoiona kwenye tovuti yetu. Simu ilipolia usiku, mama yake keshalala na mikeka ishakunjwa.

“Arobaini inakuja,” akasema. “Akiikosa na hiyo, sina nyengine ya kumpa.”

Nikampa kiti, nikamweleza polepole. Kompyuta inayotunza tovuti yetu iko Amerika. Sisi tukiandika saa kumi, yenyewe inadhani ni saa kumi ya huko, na mwanawe anaoneshwa hivyo hivyo.

“Maiti wetu, msikiti wetu. Huyo Mmarekani anatutilia saa yake ya nini?”

Swali lile lile nikampelekea mkubwa wangu wa kazi.

“Andika chini ya ukurasa kwamba saa zote ni za Amerika,” akasema. “Wajumlishe wenyewe.”

“Mfiwa ndiye wa kupiga hesabu?”

“Mbishi wewe! Mfumo tumepewa na wafadhili, usiuguse.”

Niliugusa. Si kazi ngumu, na atakayeifanya asiogope. Kila tangazo nililihifadhi kwa saa moja tu, ile ya dunia nzima ambayo Unguja tumeitangulia kwa saa tatu. Kuigeuza ni kazi ya ukurasa, pale msomaji anapoufungua: wa Maskati aone saa ya Maskati, wa Toronto aone ya kwao. Wala sikujumlisha namba kwa mkono. Niliutaja mji, kompyuta ihesabu yenyewe, kwa sababu Toronto husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, na sisi hatusogezi kitu. Juu ya zote, kwa herufi nene, nikaweka saa ya Unguja. Msiba ni wa hapa.

Siku ya arobaini nilikaa ndani na wanawake wenzangu. Wasomaji wa hitma hawajatulia, simu ikalia. Bibi akaulaza mkono wa simu juu ya mkeka. Kila dua ilipoombwa, “amin” moja ikatoka mle, nzito, ya mtu aliyetoka kuamka.

Kesho yake mkubwa akauona ukurasa.

“Nani kakuruhusu? Rudisha kama ulivyokuwa.”

“Sirudishi.”

“Ntakutoa kazini.”

“Nitoe. Lakini bibi keshaijua njia ya hapa, na akija utamweleza wewe.”

Akautazama mlango, kisha akarudi mezani kwake.