Aliyekuja Kuniposa Alikuwa na Vipimo Vyangu

Admin, nakuomba usiweke jina langu wala la timu yangu. Gitega si mji mkubwa, na sisi wachezaji wa mpira wa mikono tunajulikana.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, tukarudi Muyinga amani ilipopatikana, nikiwa mdogo. Shuleni walinicheka kwa Kiswahili changu na kwa urefu wangu, mpaka nilipoanza kucheza. Mpira ndio ulionifanya nijione nimerudi kwetu.

Mwezi uliopita kocha alisema tupimwe kwa ajili ya timu ya taifa. Alitupima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani, mmoja mmoja, ndani ya stoo ya mipira. Urefu, kiganja, mikono ikiwa imenyooshwa, hivyo vina kazi uwanjani. Lakini alipima pia kifua na nyonga, tena mara mbili, anaandika. Nilijisikia vibaya.

Wiki iliyopita baba akaniita Muyinga. Nikakuta mfanyabiashara mmoja, rika la baba, amekuja kuniposa. Sijawahi kumwona. Aliniangalia juu mpaka chini kama yuko mnadani, akacheka.

"Mzee, hawakunidanganya. Metre moja na sabini na nane. Na nyonga iko mia moja na nne. Huyu atanizalia watoto ya nguvu."

Namba hiyo hata mama yangu haijui. Nilitoka nje bila kuaga.

Niliporudi Gitega nilimfuata kocha. Hakuona hata haya.

"We, shida iko wapi? Niliwatumia marafiki ya ekipe, hao wafadhili wa timu, namba zenu kwa simu. Si ndio wanawanunuliaga viatu? Mwanaume wa mali amekupenda, mi nimekukosea nini?"

"Umewatumia na za wenzangu?"

"Za wote."

Nilimwambia kapteni wetu nikilia. Alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, tulia. Mwaka jana ilikuwa hivi hivi. Orodha ya timu ya taifa inatoka Jumatatu na wewe umo."

Yaani alijua! Alijua, akaniacha niingie stooni.

Sasa nikifunga goli watu wakapiga makofi, najiuliza ni wangapi pale wananisoma kwenye simu. Naoga, najisugua, lakini bado nahisi ile futi mwilini. Nao mkono wangu wa kurushia umekuwa mzito.

Baba hajui namba zilitoka wapi. Anasema, "Mwanangu, tulirudi mikono mitupu, na huyu amekuja kwa heshima." Nashindwa kumtazama usoni nikamweleza nilivyopimwa.

Jumamosi hii wanapimwa wachezaji wapya, chumba kile kile. Nikisema, jina langu litafutwa na wenzangu watanichukia. Nikinyamaza, mimi nina tofauti gani na kapteni?

Ndugu zangu mnaosoma, msinitukane. Nishaurini kabla ya Jumamosi: nifanye nini, na nianze kumwambia nani?