Kanda za Baba na Mkasi wa Bi Usafi

Nyumbani walimwita Bi Usafi, na hawakumsingizia. Alikuwa msusi, na saluni kwake unywele ukianguka chini, ufagio ulikuwa njiani kabla mteja hajageuza shingo. Kwa hiyo alipochukua sanduku la kanda za video za marehemu baba yake na kuanza kuzihamishia kwenye kompyuta, alizisafisha kama kawaida yake.

Aliunganisha deki kuukuu ya video na kompyuta kwa waya, akawa anachezesha kanda moja kila Jumapili. Kila faili aliipa jina lake: harusi ya shangazi, kaka kang'oka jino, mama na baiskeli. Sehemu mbovu alizikata bila huruma, hasa zile za mwisho. Baba alikuwa na ugonjwa wa kusahau kuzima kamera. Akimaliza kurekodi aliining'iniza mkononi, nayo ikaendelea kunasa sakafu, viatu na miguu ya meza. Nani ana muda wa kukaa akitazama mguu wa meza? Bi Usafi alikata, akamwaga pipa la taka la kompyuta, na kanda zenyewe akazikabidhi kwa watu wa gari la taka. Chumba kikapumua.

Siku alipomwita mama yake aje kuona kazi hiyo, mama alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akitabasamu kwa adabu tu. Macho yake siku hizi yaliweza kutofautisha mchana na usiku, basi.

"Mwanangu, picha sizioni," alisema. "Niwekee baba yenu akiongea. Maneno yake nayakumbuka, lakini sauti imeanza kunipotea. Jana nimeitafuta kichwani mpaka nimechoka."

"Hilo tu, mama? Subiri kidogo."

Akafungua faili ya kwanza, ya pili, ya tano. Shangazi anacheka, kaka analia, mbwa wa jirani anabweka. Baba kimya. Hapo akakumbuka. Baba alikuwa na sheria yake: mwenye kamera hasemi, asije akaharibu sauti za wenzake. Aliongea pale tu alipodhani ameshazima. Yaani kwenye viatu. Kwenye miguu ya meza.

"Mbona kimya?" mama aliuliza.

"Natafuta, mama."

Ilibaki kanda moja tu, iliyoota ukungu, ambayo aliiweka kando kwa kuogopa isije ikachafua deki. Aliifuta kwa pamba, akaitumbukiza. Safari hii alibonyeza kurekodi kabla picha haijatokea.

Deki ikanguruma. Ikaja michirizi, kisha mlango wa nyumba yao ya zamani, na yeye mwenyewe akiwa mdogo, anaringa na sare mpya ya shule. Baba kimya. Mara utepe ukaanza kukwaruza. Bi Usafi aliijua deki yake: ikikwaruza hivyo, inatafuna. Akiizima, huenda kanda isicheze tena. Akiiacha, itakatika. Kidole kikabaki juu ya kitufe. Akaiacha.

Picha ikaanguka chini. Sakafu. Viatu viwili vyeusi, kamba ya kimoja imefunguka.

"Mama watoto," ikasema sauti nzito, "funguo nimeziweka wapi?"

"Si ziko mfukoni mwa koti!" mama alijibu papo hapo, kwa ukali, akigeukia sauti ilikotoka. "Kila siku funguo, kila siku funguo!"

Kwenye spika nguo zikapapaswa, vyuma vikalia. "Aa, ninazo," baba akasema, akacheka. Utepe ukakatika.

Bi Usafi aliruka kuangalia kompyuta. Faili ilikuwemo, nzima. Akashusha pumzi.

Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika, anacheka na kulia kwa pamoja. "Ndiye," alisema. "Ndiye mwenyewe kabisa. Haya, weka nyingine."

Bi Usafi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hakuna nyingine, mama. Sehemu kama hii zilikuwepo kwenye kila kanda. Nilizikata mimi, nikidhani ni uchafu."

Mkono wa mama ukapapasa juu ya meza mpaka ukaufikia wa binti yake.

"Basi weka hiyohiyo," alisema.