Maji ya Magadi kwenye Jicho la Mama

Nilipokuwa kidato cha tatu kule Ilongero, kemia tuliisoma kwa kubahatisha. Maabara ilikuwa chumba chenye kufuli, ndani yake magunia ya alizeti ya shule. Kwa hiyo mwalimu alituagiza vitu vya nyumbani: ndimu, majivu, chochote. Mimi nilipeleka magadi, yale yale ambayo mama hulainishia mlenda. Karatasi nyekundu ya litmasi ikageuka bluu. Mwalimu akasema hiyo ni besi, na asidi ikikutana na besi vinamalizana, vinabaki chumvi na maji.

Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Nikamweleza mama kwamba ndiyo maana akishikwa na kiungulia hunywa maji ya magadi kidogo akatulia. Alifurahi sana, akaenda kuwasimulia majirani kisimani kwamba binti yake anajua hata yanayotokea tumboni mwa mtu.

Miezi michache baadaye betri yetu ya sola ilichoka, fundi akashauri iongezwe asidi. Baba alikuwa mnadani Mtinko. Mama hakutaka tulale gizani, akaanza kuimimina mwenyewe, nami nimeshika betri. Chupa ikamponyoka, asidi ikamrukia jicho la kulia.

Akapiga kelele, akainama. "Maji, mwanangu. Nipe maji."

Pipa lilikuwa pale mlangoni, limejaa. Nililipita. Nilikimbilia jikoni, nikachukua bakuli la magadi yaliyolowekwa kwa ajili ya mboga, makali, ya rangi ya chai.

"Ngoja mama, haya ndiyo yanaua asidi."

Akatulia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: alitulia, akalifumbua jicho kwa vidole vyake mwenyewe ili nimimine vizuri. Alilia, nikamwambia avumilie, ni dawa inafanya kazi. Nikamimina mpaka bakuli likaisha.

Tulipanda bodaboda hadi hospitali mjini. Daktari alipouliza tumemsafisha kwa kitu gani, nilijibu kwa sauti ya mwanafunzi anayesubiri kupigiwa makofi. Akanitoa nje.

"Maji hamkuwa nayo?"

"Tulikuwa nayo."

Akanieleza taratibu. Magadi nayo huunguza jicho, na asidi na besi zikikutana hutoa joto. Dawa ilikuwa maji tu, mengi, papo hapo, bila kuchanganya na kitu. Lile joto lilikuwemo kwenye daftari langu, nimelipigia mstari. Nililikariri kwa ajili ya mtihani, halikunipitia akilini kwamba linaweza kumpata mtu. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalizaliwa siku ile ile.

Jicho halikupona. Baba alipofika, mama alimwambia asidi ndiyo iliyolitoa, na kama si mimi na masomo yangu angepofuka yote mawili. Akalirudia hilo kwa kila aliyekuja kumpa pole. Mimi nilisimama pembeni nikipokea sifa, mwoga mkubwa, na nikaendelea kuzipokea hadi nikaingia chuo.

Likizo iliyopita nilimkuta peke yake, akipepeta uwele, shingo ameigeuza upande kama alivyozoea ili aone. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimeyangoja matusi hayo kwa miaka.

Hakuacha kupepeta.

"Najua," alisema. "Daktari aliniambia siku ile ile, wewe ukiwa bado unalia nje."

Nikamuuliza kwa nini basi alinisifia kwa watu.

"Baba yako alikuwa anatafuta sababu. Angesikia shule ndiyo imenitoa jicho, ungerudi darasani tena?"

Akanisogelea, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu.

"Na sasa usije ukamwambia. Mdogo wako anaingia kidato cha kwanza mwakani."