Nilivyomlilia Mwenye Ardhi wa Blacktown

Haya nawaambia nyinyi kwa kuwa nimechoka kuyabeba peke yangu, na atakayecheka acheke, mimi aibu yangu nilishaimaliza siku ile. Mimi Swaleh, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, nilisimama mbele ya ukumbi mzima pale Blacktown, mtaa wa Sydney huku Australia, kanzu mwilini, maikrofoni mkononi, nikamlilia mama wa watu nisitolewe kwenye nyumba ambayo wala si yake.

Yalianza na barua. Wakala wa nyumba aliniandikia kwamba mwenye nyumba anaitaka nyumba yake, nihame. Ilikuwa nyumba yangu ya tatu ndani ya miaka miwili (nyumba nasema kwa heshima tu, kilikuwa chumba na jiko uani kwa watu), na ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuzoeleka: mzee wa jirani alikuwa akinipungia mkono kila anapotoa pipa la taka, na kwa mtu kama mimi, nitokaye kazini ghalani Smithfield nikaingia ndani nikafunga mlango nisiseme neno mpaka kesho yake, yule mzee na pipa lake ndio waliokuwa ukoo wangu. Idd nilikula nimesimama kwenye sinki. Sikutaka kuanza upya mtaa mwingine ambako hakuna wa kunipungia. Nikamwomba wakala anikutanishe na mwenye nyumba tuzungumze uso kwa uso, akanijibu kwamba huku mambo hayo hayapo.

Wiki hiyo hiyo Nestori, Mrundi tunayefanya naye kazi, akanialika kwenye sherehe ya jamii siku ya Jumamosi.

"Uje mapema, kaka," akaniambia. "Kwanza atasimama ule mama, ndiye mwenye ardhi ya huku, atatukaribisha."

"Mwenye ardhi ya ukumbi?"

"Ya Blacktown yote, kaka. Ni ya wazee wake tangu zamani."

Mtu mwingine angeuliza zaidi. Mimi ni mtu wa Mombasa, sikuuliza, maana sisi jambo hilo tumezaliwa nalo: nyumba yako, ardhi ya mwenzio. Nyumba ya bibi yangu aliijenga mwenyewe, ukuta kwa ukuta, lakini kiwanja kilikuwa cha mtu aliyeandikiwa hati enzi za Mwingereza, na siku mwenye ardhi akipita mtaani, hata mwenye nyumba mwenye maneno mengi kuliko wote alikuwa akinyanyuka barazani kumwamkia. Kwa hiyo nikajiambia, mwenye nyumba hataki kuniona, basi nitampita juu kwa juu.

Nikainyoosha kanzu mara mbili, nikavaa kofia, nikachukua bati la halua aliyonitumia dada yangu (kwa mwenye ardhi huendi mikono mitupu), nikakaa safu ya mbele. Kanzu ndiyo iliyoniponza. Msichana wa mapokezi akanidhania shehe aliyekuja kusoma dua, akaniuliza kitu, na mimi kwa desturi yangu ya kuitikia "yes" kila nisipoelewa, nikaitikia.

Akasimama Anti Doreen (huku wazee wao huwaita Anti na Anko, nami nikasema mashallah, ardhi yote hii na hana makuu). Mwanamke mfupi, mwenye mvi, viatu vya raba. Akazungumza taratibu juu ya wazee wake, watu wa Darug, wenyeji wa hapa tangu asili, na mito yao, akamaliza kwa kutukaribisha kwenye ardhi yao. Na nisiwafiche, lile karibu lilinishuka moyoni. Miaka miwili niko Sydney na hakuna aliyewahi kuniambia karibu. Nikajibu kwa sauti kama nilivyolelewa, "Ahsante, tushakaribia!" Peke yangu katika ukumbi mzima.

Wakadhani dua imeanza. Yule msichana akaja mbio na maikrofoni.

Ningesema Bismillahi nikakaa, yangeishia hapo. Badala yake nikamgeukia Anti Doreen, bati la halua kifuani, nikayatoa maneno ya Kiingereza niliyoyafanyia mazoezi bafuni tangu Nestori anialike: kwamba mimi ni mpangaji mwema, sipigi muziki, sifugi mbwa, na kwa kuwa ardhi hii ni yake, namwomba aseme na mwenye nyumba nisitolewe. Nikataja mtaa. Nikataja na namba. Nikamwambia paa linavuja lakini silalamiki, nimeshaweka sufuria. Nilipofika kwenye sufuria mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, kisha wengine, na Nestori nikamwona kajifunika uso kwa kapelo, "Kaka, siyo ile ardhi! Siyo ile!"

Nikaanza kuelewa kwamba ardhi yake ni ya asili, si ya hati wala ya kodi, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko kutoelewa.

Anti Doreen akanyanyua mkono, kicheko kikakatika. Akaja, akalipokea bati, akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, na maikrofoni ilikuwa bado iko wazi, "hata mimi nimepanga. Nyumba ya serikali. Na paa langu nalo linavuja."

Kisha akaongeza, "Nimekaribisha watu humu miaka na miaka. Wewe ndiye wa kwanza kuniomba ruhusa ya kukaa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze (ardhi yake, astaghfirullah).

Baadaye tulikula halua pamoja kwenye viti vya plastiki, akaniuliza kwetu mgeni akifika mlangoni husema nini, nikamfundisha hodi. Nikamsimulia habari za bibi na kile kiwanja.

"Mwingereza yule yule aliyekuja huku?" akauliza.

"Yule yule."

Akacheka mpaka akajifuta macho, na sikujua machozi yalikuwa ya kicheko au ya nini.

Nyumba niliondoka, yeye angefanya nini? Sasa niko Penrith, mbali zaidi, na kazini nafika nimechoka kabla sijaanza. Nimeapa kwamba kanzu nitavaa msikitini tu, maikrofoni sitaishika tena, na neno la Nestori sitalichukua tena bila kuuliza mara mbili mpaka naingia kaburini. Lakini wakati wa kuagana, nilipomwambia nyumba ninazozimudu zimebaki Penrith tu, Anti aliniambia huko nako ni kwa wazee wake. Basi siku niliyofungua mlango wa nyumba mpya, tupu, inanuka rangi, nilisimama kizingitini na funguo mkononi nikaita hodi. Hakuna aliyeitikia. Jirani alinitazama, akavuta pipa lake akaingia ndani bila kunipungia. Nikavua viatu, nikatanguliza mguu wa kulia, nikaingia, maana karibu yangu nilishapewa Blacktown.